KFC ni ya nani hasa? Kutoka sheli ya Corbin mpaka sakata la chipsi Nairobi

Ile stori ya mzee wa KFC unaijua, imeshapita kwenye grupu lako la WhatsApp si chini ya mara tano: mzee wa miaka 65, kafulia kabisa, mkononi ana pensheni ya dola 105 tu, anabeba sufuria lake na viungo vyake anagonga mlango wa mgahawa mmoja baada ya mwingine, anakataliwa mara 1,009, huyo wa 1,010 ndo anakubali, mzee anakuwa tajiri, usikate tamaa ndugu yangu. Nimeisikia kwenye semina za ujasiriamali, nimeisikia kwenye mahubiri, nimeisikia redioni asubuhi nikiwa kwenye daladala.

Mimi sina tatizo na mtu kutia wenzake moyo, watu wanahitaji kutiwa moyo. Tatizo langu ni kwamba stori ikisimuliwa hivyo inafunika jambo kubwa zaidi, yaani ule mpango wa biashara uliofanya jina moja lisambae duniani kwa mtaji wa watu wengine, na usipouelewa huo mpango hutaelewa kwa nini mwanzoni mwa 2022 KFC za Kenya ziliishiwa chipsi wakati wakulima wa viazi wako palepale, mwendo wa masaa machache kutoka Nairobi. Kwahiyo ngoja tuifungue polepole.

Mzee mwenyewe, Harland Sanders, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890, Henryville, jimbo la Indiana. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, mama akaenda kufanya kazi kiwandani, na yeye ndo kaka mkubwa akabaki anawapikia wadogo zake. Shule aliiacha mapema. Baada ya hapo ni mtu wa kazi elfu moja: jeshini kidogo akapelekwa Cuba, reli akichochea makaa kwenye treni, bima, kivuko cha mtoni, kuuza matairi, hata uwakili aliugusa. Watu wanamuita Kanali Sanders, ila ukanali huo hauna uhusiano wowote na jeshi, ni cheo cha heshima ambacho gavana wa Kentucky humpa mtu aliyelifanyia jimbo jambo, yeye alipewa 1935 na gavana Ruby Laffoon. Zile suti nyeupe na kindevu vilikuja baadaye sana, aliviweka makusudi ili mtu akimuona mara moja asimsahau.

Sasa twende Corbin, Kentucky, mwaka 1930. Kampuni ya mafuta ya Shell ilimpa Sanders kituo cha mafuta pembeni ya barabara kuu, hakulipa kodi ya pango, makubaliano yalikuwa anawapa asilimia ya mauzo. (Sisi huku kituo chochote tunakiita sheli hata kama bango ni la kampuni nyingine, ila hii ilikuwa Shell yenyewe.) Naomba uyashike hayo makubaliano, mwenye jina anatoa jina na mahali, mwingine anafanya kazi, asilimia inapanda juu. Miaka ishirini na kitu baadaye Sanders atakuja kufanya kitu cha jamii hiyohiyo, safari hii mwenye jina akiwa yeye.

Wasafiri waliokuwa wanajaza mafuta walikuwa wanauliza wapi pa kula, maeneo yale hapakuwa na kitu cha maana, basi akaanza kuwapikia kwenye meza yake ya kulia chakula, hapohapo anapoishi. Chakula kikapendwa, akapanua, akajenga mgahawa na gesti ya wasafiri pia.

Hapa lazima niseme kitu, maana stori nyingi zinaruka. Historia ya kampuni inaanza na Sanders lakini historia ya kuku yule haianzi naye. Kuku wa kukaangwa wa kusini mwa Marekani ni chakula ambacho wapishi Weusi walikipika kwenye majiko ya wenye mashamba wakati wa utumwa, na baada ya utumwa wakaanza kukiuza kwa faida yao wenyewe. Pale Gordonsville, Virginia, kulikuwa na kina mama Weusi wanaokwenda stesheni treni ikisimama, sinia la kuku na mikate na kahawa kichwani, wanawapitishia abiria madirishani kabla treni haijaondoka. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri na basi la mkoani na kununua mahindi au mayai ya kuchemsha kwa dirisha anaiona picha hiyo bila kuelezwa zaidi. Wale kina mama walikuwa wanatunza familia na kujenga nyumba kwa hela ya kuku muda mrefu kabla Corbin haijasikika, na mimi naona ni haki yao kutajwa kila hii habari inapoelezwa.

Haya, Sanders aliongeza nini? Watu wengi watasema viungo 11. Mimi nitasema muda.

Kuku wa kikaango cha chuma, akikaangwa vizuri, anakula karibu nusu saa. Msafiri mwenye haraka hana nusu saa. Ukimkaanga mapema ili mteja akija amkute tayari, kuku anapoa, anakauka, usiku unatupa hasara yako. Ukimzamisha kwenye mafuta mengi anaiva haraka ila Sanders hakuwa anaukubali ule upikaji, kwake kuku anatoka mkavu. Mwaka 1939 ndo akaanza kuchezea presha kuka, kifaa kilichokuwa kinauzwa kwa ajili ya kuchemshia mboga na maharage, yeye akaweka mafuta na kuku ndani. Kinachotokea humo ni kwamba unyevu wa kuku unageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea kwa sababu ya mfuniko, presha inapanda, joto linaingia mpaka mfupani haraka na maji ya ndani ya nyama hayakimbii ovyo, kwahiyo dakika kama tisa hivi kuku kaiva na bado ana maji yake. (Tafadhali usijaribu kwa presha kuka ya nyumbani, mafuta ya moto na presha ni ajali mbaya, mashine za mgahawa zimetengenezwa maalumu kwa kazi hiyo.) Mchanganyiko wa viungo 11 aliukamilisha kwenye 1940. Utamu ulikuwepo tangu kina mama wa Gordonsville, ila kuku mtamu wa nusu saa ni chakula cha Jumapili, na kuku mtamu wa dakika tisa unaweza kumjengea biashara nzima.

Halafu yakaja mambo ya barabara. Kuanzia 1956 barabara kuu mpya, Interstate 75, ilipangwa kupita mbali na mgahawa wake, na biashara ya pembeni ya barabara magari yakihama nayo inakufa, wafanyabiashara waliokuwa wanategemea abiria wa Ubungo kabla stendi haijahamia Mbezi wanajua ninachosema. Sanders akauza kila kitu kwa mnada, akapata kama dola 75,000, akalipa madeni na kodi, akabaki na akiba kidogo na ile pensheni maarufu ya dola 105 kwa mwezi. Hapo stori ya WhatsApp iko sahihi.

Inapokosea ni kusema alianza sifuri siku hiyo. Hizo mara 1,009 sijawahi kuona ushahidi wake popote, na kibaya zaidi ni kwamba makubaliano ya kwanza alishayapata 1952, miaka minne kabla ya mnada. Jamaa aliitwa Pete Harman, alikuwa na mgahawa Salt Lake City, jimbo la Utah, walifahamiana kwenye mkutano wa wenye migahawa kule Chicago. Sanders alipita kwake, akaingia jikoni akampikia, Harman akaonja akaelewa papo hapo. Hata jina Kentucky Fried Chicken Sanders hakulibuni yeye, lilitoka kwa Don Anderson, fundi wa kuandika mabango aliyekuwa anamchorea Harman. Utah ni mbali kabisa na Kentucky, kwahiyo kuku wa Kentucky pale lilikuwa jina la ugenini, linakupa picha ya ukarimu wa kusini. Mwaka wa kwanza mauzo ya Harman yakapanda zaidi ya mara tatu, na huyohuyo Harman ndo aliyeanzisha ile ndoo mwaka 1957, vipande 14 vya kuku pamoja na mikate na mchuzi kwa dola 3.50, chakula cha familia nzima mama asiingie jikoni. Jina kutoka kwa mchora mabango, ndoo kutoka kwa Harman, kwahiyo KFC tuliyonayo ilitengenezwa na mikono mingi tangu mwanzo.

Baada ya mnada Sanders aliingia barabarani kweli, analala ndani ya gari, anafika mgahawani anaomba awapikie wafanyakazi, wakipenda anakaa siku kadhaa anawapikia na wateja. Makubaliano yalikuwa ya kupeana mkono: kwa kila kuku utakayeuza kwa staili yangu unanilipa senti 4, baadaye ikawa 5. Kiingilio hakuna. Viungo unavinunua kwangu, vimeshachanganywa, na mke wake Claudia ndo alikuwa nyumbani anachanganya na kufunga vifurushi kwa mkono anavituma.

Sasa tulia hapo kwenye viungo, maana ndo fundo lenyewe. Watu wanaona siri ya viungo 11 kama stori ya kunogesha matangazo, sawa inanogesha, ila fikiria kwa upande wa Sanders: una migahawa mamia ya kilomita kutoka ulipo, utajuaje fulani kauza kuku wangapi? Kama viungo anavipata kwako peke yako unajua, maana kifurushi kimoja kinatosha kuku kiasi fulani. Na siku akigoma kulipa au akipika ovyo, unakata viungo, anabaki na bango lisilo na ladha. Siri ile ilikuwa kamba ya kumshikilia mwenye mgahawa. Mpaka leo mchanganyiko unatengenezwa kwa kugawanywa kampuni mbili tofauti, kila moja inajua sehemu yake tu, na karatasi iko kwenye sefu kule Louisville.

Huu mpango ndo unaitwa franchaizi, na kwa lugha ya dukani ni hivi. Wewe una mtaji, unatafuta frem au kiwanja, unajenga kwa ramani yao, unanunua mashine zao, unaajiri watu wako, umeme juu yako, mishahara juu yako, kodi ya serikali juu yako. Wao wanakupa jina, mafunzo, menyu na orodha ya wasambazaji uliopewa ruhusa kununua kwao. Unalipa kiingilio, afu kila mwezi unalipa mrabaha, asilimia ya mauzo. Nasema mauzo, sio faida. Tuseme mrabaha ni asilimia 5 na umeuza milioni 100, milioni 5 inaondoka hata kama mwezi ule kuku walipanda bei, jenereta ilikula dizeli na wewe umetoka na hasara. Mwenye jina anakula kwenye kila ndoo inayotoka mlangoni, hatari ya biashara unabeba wewe. Nawe unapata kitu cha thamani, maana siku ya kwanza tu ukifungua watu wanapanga foleni, wakati banda la chipsi la jirani yako linahitaji miaka kujenga jina.

Kwa njia hiyo, kufikia 1964 kulikuwa na migahawa zaidi ya 600 ambayo Sanders hakuijenga. Mzee alikuwa na miaka 73, kazi imemzidi, akauza kampuni kwa dola milioni 2 kwa kijana mwanasheria John Y. Brown, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Kentucky, na tajiri Jack Massey. Akabakiza biashara ya Canada, akapewa mshahara wa maisha awe sura ya kampuni. Milioni 2 zilikuwa hela nyingi kwa mtu aliyekuwa analala kwenye gari, lakini miaka saba tu baadaye, 1971, kampuni ikauzwa tena kwa Heublein, wauza vinywaji, kwa dola milioni 285. Kazi ya Brown na Massey ilikuwa kukigeuza kile kitu cha kupeana mkono kuwa mashine: majengo yanayofanana, mistari ile myekundu na myeupe, mikataba ya maandishi, hisa sokoni 1966.

Mzee hakuwa na amani. Sura yake iko kwenye kila ndoo, lakini jikoni hana sauti. Alikuwa anaingia kwenye migahawa bila taarifa anaonja mchuzi, usipomridhisha anasema mbele za watu, kuna gazeti la Louisville alilieleza kwamba mchuzi wao mpya ni sawa na gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Mwenye mgahawa mmoja wa Bowling Green akampeleka mahakamani kwa kumharibia jina, akashindwa. Na kampuni yenyewe waligombana mahakamani, maana alitaka kufungua mgahawa mwingine na mkewe, mwisho wakayamaliza nje ya mahakama. Mimi hii sehemu inanigusa kuliko ile ya kugonga milango. Mtu ameuza jina lake na uso wake akiwa hai, afu anautazama uso huo ukiuza chakula ambacho yeye asingekila. Alifariki tarehe 16 Desemba 1980 akiwa na miaka 90, na kwenye bango hajazeeka mpaka leo.

Umiliki uliendelea kuzunguka: R.J. Reynolds wa sigara wakainunua Heublein 1982, PepsiCo wakainunua KFC 1986, 1997 wakaitoa pamoja na Pizza Hut na Taco Bell kuwa kampuni yao ambayo leo inaitwa Yum! Brands. Jina likafupishwa kuwa KFC 1991. Hata huo ukentucky unapungua, 2025 Yum walitangaza kuhamisha ofisi ya KFC ya Marekani kutoka Louisville kwenda Plano, Texas.

Nje ya Marekani kila nchi ina stori yake. Uingereza walifungua Preston mwaka 1965, Japani 1970, na huko kampeni ya Krismasi ya 1974 ilishika mpaka leo watu wanaagiza ndoo yao ya Krismasi mapema kama sisi tunavyowahi tiketi za Desemba. China ndo kubwa kuliko zote, mgahawa wa kwanza 1987 Beijing karibu na uwanja wa Tiananmen, sasa iko zaidi ya 10,000, wanauza mpaka uji wa mchele asubuhi. Na cha ajabu, kule KFC ni ya kampuni nyingine kabisa, Yum China, iliyojitenga 2016, inailipa Yum ya Marekani asilimia 3 ya mauzo kwa kutumia jina. Kwahiyo hata mwenye migahawa elfu kumi bado ni mpangaji wa jina.

Huku kwetu jina liliingia Kenya 2011, na ukiuliza KFC za Nairobi, Kampala, Dar na Kigali ni za nani, jibu ni Kuku Foods, kampuni yenye leseni ya ukanda huu. Ndani ya jengo moja kuna angalau pande tatu, kuna Yum mwenye jina, kuna Kuku Foods mwenye mtaji na wafanyakazi, na kuna wasambazaji walioidhinishwa. Mambo yakienda sawa huzioni. Zikiachana kidogo ndo unaziona.

Uingereza waliziona Februari 2018. Walibadilisha kampuni ya kusafirisha kuku, wakamkabidhi DHL, mambo yakakwama kwenye ghala moja pale Rugby, na kati ya migahawa kama 900 zaidi ya nusu ikafungwa, mgahawa wa kuku hauna kuku. Jiko zima, mashine zima, wafanyakazi wapo, lakini huruhusiwi kutuma kijana na pikipiki sokoni akalete kuku wa jirani.

Kenya ikawa zamu yao mwanzoni mwa Januari 2022. Chipsi za KFC zilikuwa zinakuja zimeshakatwa na kugandishwa kutoka nje, kontena zikachelewa kwa sababu ya misukosuko ya usafiri wa meli kipindi cha korona, migahawa ikatangaza hakuna chipsi, badala yake mteja achukue ugali au kitu kingine. Wakenya wakauliza swali la wazi, hivi viazi si vimejaa Nyandarua? Viazi ndo zao la pili la chakula Kenya baada ya mahindi, na kuna msimu mkulima anauza kwa hasara kwa kukosa mnunuzi. Mtandaoni ikawa vita, watu wakaitisha kususia. Kampuni ikajibu kwamba kuku, mikate na mboga wananunua hapohapo nchini, ila kwa viazi msambazaji lazima apitie ukaguzi wa ubora wa kimataifa, afu ikaahidi kufanya kazi na wazalishaji wa ndani.

Wengi waliona jibu lile ni dharau, na hasira yao naielewa kabisa, nchi yenye wakulima wale haikupaswa kusubiri meli ikwame ndo mazungumzo yaanze, zaidi ya miaka 10 ilikuwepo ya kufanya hivyo. Lakini kile kizuizi ni cha kweli, ndo uleule mkataba, mwenye mgahawa hana ruhusa ya kununua gunia kwa sababu tu ni zuri kwa macho yake.

Na kuna jambo la kiazi chenyewe ambalo halikupata nafasi kwenye kelele zile. Kiazi kinachotawala Kenya ni Shangi. Mkulima anakipenda kwa sababu kinakomaa haraka na kinazaa sana, mama ntilie anakipenda kwa sababu kinaiva upesi. Shida yake hakikai, wiki chache stoo kimeshachipua, na kiwanda kinataka kiazi kinachokaa miezi ili mashine isisimame msimu ukiisha. Kiwanda kinataka pia kiazi kirefu cha saizi moja, chenye maji machache na sukari ndogo, maana sukari ikizidi chipsi inakuwa ya kahawia kwenye mafuta kabla haijaiva ndani. Zipo aina zinazofaa, Markies kwa mfano inalimwa Kenya, ila mbegu yake safi ni ghali na inakaa shambani muda mrefu kuliko Shangi, na mkulima mdogo wa Ol Kalou, hukohuko Nyandarua, mwenye ada ya shule ya kulipa mwezi ujao hawezi kupanda Markies kwa kubahatisha, anahitaji mnunuzi aliyeshasaini mkataba kabla jembe halijaingia ardhini, na anahitaji ghala la baridi karibu.